Palestra: ukumbi uliojazwa na mfuko mmoja

Machi 2009 Hasheem Thabeet alitua Philadelphia. Kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alikuwa nguzo ya timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, na mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu wa vyuo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Connecticut waliifumua Chattanooga pointi 103 kwa 47, wakairarua Texas A&M 92 kwa 66, wakapanda ndege zao. Miezi mitatu baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili katika orodha nzima ya NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Mechi zote mbili zilichezwa kwenye ukumbi mkubwa wa kusini mwa jiji, ambao siku hizo uliitwa Wachovia Center. Kilomita chache kutoka hapo, ng'ambo ya mto Schuylkill, umesimama ukumbi mwingine ambao ndio mkunga wa mashindano hayohayo. Mwaka 1939 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilipoyaendesha kwa mara ya kwanza kwa timu nane tu, upande wa mashariki ulichezwa katika ukumbi huo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Unaitwa Palestra. Kwa zaidi ya miaka arobaini mashindano yalizoea kurudi hapo. Tangu katikati ya miaka ya 1980 hayajaonekana tena.

Ule mkubwa wa kusini ulifunguliwa mwaka 1996 na tayari umebadilisha jina mara nne: CoreStates, First Union, Wachovia, Wells Fargo, na tangu 2025 Xfinity Mobile. Kila benki ilipounganishwa na nyingine, mafundi walipanda ngazi kubandua herufi. Palestra ina jina lile ililopewa na profesa mmoja wa lugha ya Kigiriki wa hapohapo chuoni, William Bates, na hakuna aliyelilipia hata senti.

Jina halijazi viti, hata hivyo. Usiku mwingi wa msimu wa kikapu, Palestra yenye nafasi ya watu 8,725 huwa na mashabiki ambao ungeweza kuwakusanya upande mmoja na bado wakakaa kwa nafasi. Timu za wenyeji hucheza, za wanaume na za wanawake; voliboli hupata siku zake, mieleka nayo siku zake; kisha taa huzimwa. Jengo ambalo limepokea mechi nyingi za kikapu cha vyuo kuliko jengo lingine lolote Marekani linakaribia kutimiza miaka mia likiwa na nafasi tele kwenye kalenda.

Usije ukamwambia mtu wa Philadelphia kwamba jiji lake limechoka na michezo. Februari 2025 Eagles, timu ya jiji ya futiboli ya Kimarekani, walipoichapa Kansas City 40 kwa 22 na kutwaa Super Bowl, barabara kuu hazikupitika. Jiji ni mwenyeji wa mechi za Kombe la Dunia la 2026. Na mapenzi yao yana meno. Desemba 1968, katika uwanja wa Franklin Field ambao umepakana na Palestra, mashabiki wa Eagles waliokuwa na hasira za msimu mbovu walimpopoa kwa mipira ya theluji mtu aliyevaa kama Baba Krismasi. Kisa hicho husimuliwa hadi leo, na kwa jinsi kinavyosimuliwa, sidhani kama kuna anayekionea haya.

Basi kama jiji linapenda michezo kiasi hicho, kwa nini ukumbi wake wenye historia kuliko zote unapoa? Jibu jepesi ni uzee: mabenchi ya mbao, choo cha foleni, hakuna vyumba vya matajiri vyenye vioo na sofa. Jibu hilo silikubali. Palestra ilikuwa nzee tayari katika miaka yake ya neema. Kilichoijaza kilikuwa makubaliano ya fedha, na kilichoikausha ni kufa kwa makubaliano hayo.

Ilifunguliwa siku ya Mwaka Mpya wa 1927. Wenyeji, ambao jiji zima huwaita Penn kwa kifupi, waliifunga Yale pointi 26 kwa 15 mbele ya watu wapatao elfu kumi. Asishangae mtu kwa uchache wa pointi. Enzi hizo kila kikapu kikiingia, mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya baina ya wachezaji wawili, hivyo nusu ya jioni ilikwisha watu wakisubiri mpira urushwe. Wasanifu wa jengo, kampuni ya Day & Klauder ya hapohapo Philadelphia, ndio waliokwisha kuipandisha Franklin Field ghorofa ya pili ya majukwaa. Kwa Palestra walitumia matao ya chuma yanayobeba paa lote, kwa hiyo ndani hamna hata nguzo moja. Leo hilo ni jambo la kawaida. Mwaka 1927 mtu aliyelipa kiingilio alizoea kutazama mchezo kwa kuchungulia kando ya nguzo.

Matokeo yake ni ukumbi ambao hauna kona ya kujificha. Mabenchi yanaanzia karibu kabisa na mstari, yanapanda kwa mteremko mkali kuelekea madirisha ya juu, na kelele hazina pa kutokea. Mchezaji anayerusha mpira wa adhabu anasikia anachotukanwa, neno kwa neno.

Hata hivyo, kufikia miaka ya 1950 Penn walikuwa na tatizo linalofanana sana na la leo: ukumbi mkubwa, na timu moja isiyoweza kuujaza peke yake. Majirani zao walikuwa na shida ya upande wa pili. Saint Joseph's, La Salle, Temple na Villanova walikuwa na timu nzuri na kumbi ndogo. La Salle, wakiwa na Tom Gola, walikuwa wametoka kutwaa ubingwa wa taifa Machi 1954.

Novemba mwaka huo vyuo vitano vikatangaza mkataba. Vingecheza kila kimoja na chenzake kila msimu, na vingeuleta mchezo wao Palestra, mechi mbili kwa usiku mmoja kwa tiketi moja. Mapato yote ya mlangoni na ya televisheni yangeingia mfuko mmoja. Gharama zikishaondolewa, kinachobaki kingegawanywa mafungu matano yaliyo sawa. Muungano huo ukaitwa Big 5, na mechi zake zikaanza Desemba 1955.

Hapo kwenye mfuko mmoja ndipo mambo yote yalipofungwa. Chini ya utaratibu ule, shabiki wa Temple aliyekuja kumtazama Guy Rodgers alikuwa pia analipa mishahara ya La Salle. Villanova wakiwa na msimu mbaya, bado walikula kutokana na ubora wa Saint Joseph's. Mahasimu wasioweza kupeana mkono bila kukunja uso walijikuta kila mmoja ana sababu ya kuombea umati wa mwenzake. Penn, wenye nyumba, hawakujipa fungu la mwenye nyumba. Kwa timu za mbali nako kulikuwa na faida: unakuja Philadelphia, unacheza mbele ya ukumbi uliojaa, magazeti yote ya jiji yapo. Vigogo kutoka kila pembe ya nchi walikubali kusafiri.

Lazima pia kuelewa hao watano walikuwa nani, maana utani wao haukuwa wa kikapu peke yake. Villanova ni wa mapadri wa Kiaugustino, nje ya jiji, kwenye vitongoji vya wenye nacho kando ya reli. Saint Joseph's ni wa Wajesuiti. La Salle ni wa Mabruda wa Shule za Kikristo, kaskazini mwa jiji. Temple, pia kaskazini, kilianzishwa na mchungaji wa Kibatisti kwa ajili ya watu wafanyao kazi mchana na kusoma usiku. Penn kinamhesabu Benjamin Franklin kuwa mwasisi wake, kimo katika Ivy League, kundi la vyuo vikongwe na vya kifahari, na watoto wa mafundi bomba na makarani wa Saint Joseph's hawakuacha nafasi ipite bila kuwakumbusha Penn kwamba pesa za baba haziingizi mpira kikapuni. Katoliki dhidi ya Katoliki, tajiri dhidi ya mnyonge, kaskazini dhidi ya magharibi, na wote wanaweza kufika ukumbini kwa basi au treni.

Utani huo ulikuwa na vyombo vyake. Timu ikipata kikapu chake cha kwanza, mashabiki wake walimwaga uwanjani mikanda ya karatasi ya rangi za chuo, mchezo ukasimama, wafagiaji wakaingia. Wanafunzi walikuja na mabunda ya karatasi pana wakayakunjua mstari mmoja baada ya mwingine juu ya vichwa vya safu nzima: swali upande huu, jibu la kejeli upande ule, na mengi hayawezi kuchapwa katika gazeti la familia. Mwewe wa Saint Joseph's, yaani mwanafunzi aliyevaa manyoya, alipunga mabawa tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho bila kupumzika, kazi ambayo chuo huilipia ada. Mikanda ya karatasi NCAA iliipiga marufuku katikati ya miaka ya 1980 kwa sababu za kuchelewesha mchezo. Mwewe bado anapunga.

Na kikapu chenyewe kilikuwa cha kiwango. Saint Joseph's wa kocha Jack Ramsay, ambaye baadaye angeipa Portland ubingwa wa NBA mwaka 1977, walichukua taji la kwanza la Big 5. Temple walimaliza wa tatu kitaifa msimu huohuo. Msimu wa 1970–71 Penn walishinda mechi 28 bila kupoteza hata moja, wakawa wamebakiza mechi moja tu kufika nusu fainali ya taifa. Waliyekutana naye ni Villanova, jirani yao. Wakafungwa 90 kwa 47. Kuna wazee wa Penn ambao hadi leo namba hizo mbili hazitamkwi mezani kwao. Mwaka 1979 Penn walifika hiyo nusu fainali, wakakutana na Magic Johnson, na hilo ndilo pigo lao kubwa la mwisho.

Palestra haikuwa ya vyuo peke yake. Wilt Chamberlain alipita hapo akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Overbrook, kabla dunia haijamjua. Machi 1996 kijana wa Lower Merion aitwaye Kobe Bryant alicheza hapo nusu fainali ya jimbo dhidi ya Chester. Alifunga pointi 39, mechi ikaenda muda wa ziada, Lower Merion wakashinda, na miezi michache baadaye akawa NBA. Watu wanaosema walikuwepo usiku ule ni wengi kuliko mabenchi yanavyoweza kubeba.

Nyufa zilianza mbali na Philadelphia. Mwaka 1979 ilizaliwa ESPN, televisheni ya michezo tupu iliyohitaji kujaza saa za usiku. Mwaka huohuo ikazaliwa Big East, ligi iliyoundwa kwa kuhesabu masoko ya televisheni ya miji ya kaskazini mashariki. Villanova wakajiunga mwaka 1980. Temple na Saint Joseph's wakaingia Atlantic 10, La Salle wakaenda kwingine. Sasa kila chuo kilikuwa na ratiba iliyopangwa na ligi yake, na ligi ilitaka kila mwanachama awe na nyumbani pake, penye nembo yake sakafuni. Jirani wa mtaa wa pili akageuka kuwa mechi ya kuchomeka pale ratiba inapoacha upenyo.

Kisha, Aprili 1985, Villanova wa kocha Rollie Massimino wakaipiga Georgetown 66 kwa 64 na kuwa mabingwa wa taifa katika mojawapo ya mapinduzi makubwa ya kikapu cha vyuo. Chini ya mwaka mmoja baadaye walifungua ukumbi wao wa viti 6,500. Hesabu ni rahisi. Ukicheza kwako, kiingilio ni chako, maegesho ni yako, matangazo ukutani ni yako. Ukicheza Palestra unapata moja ya tano. Mwaka 1986 mkataba ulirekebishwa, mechi za Big 5 zikaruhusiwa kuchezwa nyumbani kwa kila timu, na kwa kufanya hivyo ule mfuko mmoja ukapoteza maana. Mwaka 1991, kwa msukumo wa Villanova, hata ule utaratibu wa kila mmoja kucheza na kila mmoja ukakatwa. Jiji liliwalaani Villanova kwa miaka minane. Mwaka 1999 mzunguko kamili ulirejeshwa, lakini si ndani ya paa moja.

Sina hamu ya kuwatwika Villanova lawama zote, ingawa kwa Philadelphia hiyo ni burudani ya zamani. Wenzao walifuata njia ileile mara tu walipopata pesa. Temple walifungua ukumbi wa watu zaidi ya elfu kumi mwaka 1997. La Salle wakajenga wao mwaka uliofuata, wakaupa jina la Gola. Saint Joseph's wakaupanua wa kwao mwaka 2009. Jiji lililokuwa na ukumbi mmoja uliojaa likawa na kumbi tano, na ule wa Temple, mkubwa kuliko Palestra, ni nadra kuuona umefurika. Kila mmoja alipata nyumba yake. Umati ndio uliogawanyika.

Mwaka 2023 ulikuja mpango mpya. Drexel, chuo kilicho hatua chache kutoka Palestra, kikaingizwa kuwa cha sita, na jina Big 5 likaachwa kama lilivyo, kwa mantiki ambayo hakuna aliyejisumbua kuitetea. Timu zikagawanywa makundi mawili ya timu tatu. Mechi za makundi zikachezwa vyuoni, kisha wote sita wakakutana siku moja kwa mechi tatu mfululizo. Lilikuwa wazo zuri. Siku hiyo ya mechi tatu ilifanyika Desemba 2, na Saint Joseph's waliwafunga Temple kwenye fainali. Ilifanyika katika ukumbi mkubwa wa kusini, ule wa majina matano.

Kwa mtindo huo, kinachobaki Palestra ni mechi moja ya kundi kwa mwaka. Ukumbi uliokuwa kitovu cha utani wote huo sasa unapewa kipande sawa na mtu mwingine yeyote.

Lakini angalia nani bado anaujaza. Kila Februari, shule za sekondari za Kikatoliki za jiji huleta nusu fainali na fainali zao Palestra, na siku hizo hakuna nafasi ya kupitisha mguu. Wazazi, mababu waliosoma shule zilezile, mapadri, makocha wa vyuo wakiandika majina ya vijana. Shule hizo hugombea taji moja, na fainali huchezwa hapo, ushinde usishinde, hakuna anayesema tucheze kwangu.

Angalia pia Penn State. Hiki ni chuo kingine kabisa, cha jimbo, kilicho kama kilomita 300 ndani ya milima, lakini wahitimu wake wengi wanaishi Philadelphia. Mara kadhaa katika miaka ya karibuni kimehamishia Palestra mechi moja ya nyumbani ya Januari: Michigan State walifungwa hapo mwaka 2017, Purdue waliokuwa na Zach Edey walishinda hapo mwaka 2023. Wageni wa ligi kubwa, wenye kumbi za watu elfu kumi na tano kwao, wanakuja kubanwa kwenye mabenchi ya mbao na tiketi zinakwisha. Iowa walikuwa miongoni mwao mwaka 2020, wakafungwa 89 kwa 86. Kocha wao siku hiyo, Fran McCaffery, ni mtoto wa Philadelphia aliyeichezea Penn. Mwaka 2025 Penn wakamwajiri.

Na Villanova wakija kucheza na Penn, ukumbi unarudi miaka sitini nyuma. Desemba 2018 walikuja wakiwa mabingwa watetezi wa taifa, wakafungwa 78 kwa 75. Novemba 2023 wakafungwa tena, 76 kwa 72, wanafunzi wakamwagika uwanjani. Kwa shabiki hizo ni sherehe. Kwa mkurugenzi wa michezo wa Villanova anayepanga ratiba ya msimu ujao, ni sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kukubali kwenda pale tena.

Tatizo hilo litaongezeka. Tangu makubaliano ya mahakama ya mwaka 2025, vyuo vya Marekani vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Ivy League ilikataa kuingia. Penn hawatoi hata ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Mchezaji mzuri anayechipukia Penn anaweza kuhama msimu ukiisha kwenda anakolipwa, na hakuna wa kumlaumu. Villanova na Penn wanacheza mchezo uleule kwa uchumi wa aina mbili tofauti, na kadiri pengo linavyopanuka ndivyo mechi yao inavyokuwa ya kumsaidia mmoja tu.

Kuna wanaohofia jengo lenyewe, na hofu hiyo ina ushahidi karibu. Ng'ambo ya barabara, mwendo wa dakika chache kwa miguu, palikuwa na Convention Hall, ambapo vyama vikubwa viliteua wagombea urais, Beatles walipiga muziki mwaka 1964 na Wilt alicheza kikapu cha kulipwa. Ilibomolewa mwaka 2005. Pale pamesimama kituo cha tiba cha Chuo Kikuu hikihiki cha Pennsylvania. Ukumbi wa Spectrum, ulioandaa fainali za taifa za vyuo mwaka 1976 na 1981, nao umeondoka. Huko Boston, jiji jingine lenye wazimu wa michezo, Chuo cha Northeastern kimeuaga Desemba 2025 ukumbi wa Matthews Arena, uliokuwapo tangu 1910, ili ujengwe mwingine. Chuo Kikuu cha Maryland kilichagua njia ya katikati. Cole Field House, ambako mwaka 1966 Texas Western waliowaanzisha wachezaji watano Weusi waliifunga Kentucky, ilikaa miaka mingi bila kazi ya maana baada ya timu kuhama mwaka 2002, kisha ndani yake kukatandikwa uwanja wa mazoezi wa futiboli ya Kimarekani. Ganda limebaki na historia imewekwa kwenye picha.

Sidhani kama yupo kiongozi wa Penn atakayethubutu kuibomoa Palestra. Chuo chenye akiba ya zaidi ya dola bilioni 20 hakiwezi kudai kimeshindwa kukarabati paa. Hatari iliyo karibu zaidi ni kugeuzwa jumba la makumbusho lenye mechi. Tayari korido zake zimejaa picha na majina ya kale, na mgeni huweza kuzunguka nusu saa akisoma kuta kabla hajakumbuka kwamba kuna timu ndani. Fedha mpya nazo zina pa kwenda: mwishoni mwa 2024 chuo kilifungua karibu na hapo jengo jipya la riadha ya ndani, Ott Center, kituo cha kisasa chenye kila kitu. Hakuna ubaya. Wakimbiaji nao wanahitaji pa kukimbilia Januari.

Januari 1, 2027 Palestra inatimiza miaka mia. Sherehe ya siku moja ni rahisi. Kuleta timu ya zamani, kuvaa jezi za zamani, kuuza fulana. Kigumu ni Januari 2. Nionavyo mimi, dawa haiko kwenye viti vipya. Iko kwenye aina ya mgao ulioandikwa mwaka 1954: siku ya mechi tatu ihamie Palestra, ya wanaume mwaka huu na ya wanawake mwaka ujao, au zote mbili ndani ya wikiendi moja, na kila kinachokusanywa kigawanywe sawa. Ukumbi wa kusini unaizidi Palestra kwa viti zaidi ya elfu kumi na moja, na ndiyo hoja utakayorushiwa kwanza. Lakini viti hivyo vya ziada vina thamani pale tu vinapokaliwa, na tiketi zikiwa chache watu huzigombania.

Kinachotakiwa ni mwenye nguvu akubali kuchukua sawa na mnyonge, na hapo ndipo mazungumzo mengi yatakapoishia. Villanova, wenye mataji ya 1985, 2016 na 2018, watauliza kwa nini wagawane na Drexel. Ni swali la haki. Vyuo vitano vilipotangaza mkataba wao Novemba 1954, bingwa wa taifa alikuwa La Salle. Ndiye aliyekuwa na Gola, ndiye watu walilipa kumtazama, na ndiye angeweza kudai zaidi. Alisaini kuchukua moja ya tano.